RNA yenyewe haiwaki

Mwandishi wa habari moja ya sayansi kasema wanasayansi "wamepata RNA inayowaka", yaani molekuli ya ndani ya seli inayobeba ujumbe wa jeni, eti inatoa mwanga. Hapana ndugu, RNA haiwaki. Kinachotumika ni aptama: kipande cha RNA kilichojikunja, kikaikamata kemikali ndogo iitwayo DFHBI. Kemikali hiyo ikielea huru karibu haitoi mwanga. Ikibanwa ndani ya aptama, inang'aa kijani kibichi! Aptama ile ya mwaka 2011, kutoka maabara ya Samie Jaffrey kule New York, wakaiita Spinach, yaani mboga kabisa, na Broccoli ikafuata. Sisi wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, hili halitusumbui: usiku wa giza mtumbwi wa dagaa huuoni, unaona taa yake tu. Ila taa lazima ifungwe kwenye mtumbwi. Aptama nayo huunganishwa kwanza na RNA unayoifuatilia, na hatua hiyo ndiyo mwandishi yule kairuka.