Nimelipia Tope

Jamani, mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Tope nalijua. Nimelikanyaga masika zote za utoto wangu nikienda shule, viatu mkononi, na siku niliyopanda ndege kuja Ujerumani nikajua tumeachana kwa talaka tatu. Sasa niambieni, ilikuwaje nikatoa karibu euro 300, pesa ya kubeba makasha ghalani usiku, nikaenda kulala ndani yake?

Wa kulaumiwa ni shemeji. Kaka wa mke wangu huyu ni mhasibu, mpole, soksi zake kazipanga kwa rangi. Kumbe ana maradhi. Kila Agosti anavaa fulana nyeusi yenye mafuvu anakwenda Wacken, kijiji kaskazini ya Hamburg, watu wake kama elfu mbili tu, ng'ombe na mahindi. Mwaka 1990 vijana wa pale waliandaa tamasha la muziki wa hevi metali, wakaja watu kama mia nane. Siku hizi zinauzwa tiketi 85,000. Mwaka 2023 moja ikaniangukia mimi. Mke wangu, ambaye ana akili, alibaki nyumbani.

Mvua ikanyesha. Si mvua ya kusema itakatika. Mashamba yakawa uji wa ulezi, magari yakavutwa na matrekta, mpaka waandaaji wakatangaza milango imefungwa, ambao hawajafika wageuze. Maelfu walirudi kwao wakilia. Sisi, kwa bahati mbaya, tulikuwa tumeshaingia.

Basi nikategemea muziki wa kutisha. Wakatokea zimamoto wa kijiji na matarumbeta! Bendi yao hupiga pale kila mwaka, na watu wenye minyororo shingoni wanacheza kama wako kwenye mnuso wa harusi Temeke. Hapo nikajisikia nyumbani kabisa. Raha ile ilidumu mpaka walipopanda wenye magitaa.

Mwimbaji alikoroma kama fahali aliyekwama mtaroni. Nina miaka tisa hapa, nikadhani Kijerumani changu ndicho kimeniangusha. Nikamuuliza shemeji, "Anasema nini?" Akajibu kwa utulivu wa kihasibu kwamba hata yeye hajui, na kwamba hicho ni Kiingereza.

Kila mtu kanyoosha vidole viwili juu kama pembe. Ishara hiyo aliieneza mwimbaji wa hevi metali Ronnie James Dio, naye alieleza kwamba aliipata kwa bibi yake Mwitaliano, ni kinga ya jicho baya. Sasa, bibi yangu mimi alinifunga hirizi kiunoni kwa kazi hiyohiyo, na sijasikia akikata mtu tiketi.

Chini ya ardhi pale kuna bomba la bia. Sitanii, walilichimbia mwaka 2017 bia ifike haraka. Mtaa wetu kule nyumbani ulichimbwa mtaro wa bomba la maji nikiwa darasa la tano. Kuku wanautagia mpaka leo.

Halafu likafunguka duara katikati ya watu, wakaanza kugongana makusudi. Mimi nilikuwa napita tu kutafuta chakula! Nikasombwa, nikaanguka kifudifudi. Kabla sijamaliza shahada, mikono minne imeninyanyua, mmoja ananifuta miwani kwa ndevu zake, na jitu lenye tatuu mpaka kwenye kope limeinua gambuti langu la kushoto juu ya vichwa, linauliza la nani, kama kondakta aliyeokota kitambulisho. Kwenye daladala nimewahi kuanguka nikarukwa.

Kuoga? Tusiongelee.

Shemeji akasema sasa tukapumzike. Kupumzika kwake ni kuendesha gari mpaka mwisho wa Denmark, kupanda meli kwenda Norway, kisha kupanda mlima kwa miguu kwenda Preikestolen. Hilo ni jabali mita 604 juu ya maji ya Lysefjord, juu bapa kama meza. Ukingo hakuna, kamba hakuna, hata kibao cha "mbwa mkali" hakuna. Ngazi za mawe za njiani walizijenga mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Yaani njia yenyewe imeitiwa watu wa Himalaya, na mimi nimekuja na raba za mtumba.

Karibu na kileleni kuna ufa. Shemeji akaruka huku akieleza kwamba wataalamu wanaupima, hauna shida. Kitu kisicho na shida kinapimwa cha nini?

Nikalala kwa tumbo, nikasogea kama kenge mpaka kichwa kikachungulia. Maji kule chini ya kijani, meli ya watalii imekuwa punje ya mchele. Ni pazuri, sikatai, ila uzuri huo niliuona kwa jicho moja, jingine lilikuwa linaangalia ule ufa. Shemeji akanipiga picha, nikamtumia mama.

Sauti yake ikaingia palepale, jogoo anawika nyuma yake. "Baba, umesafiri kote huko kwenda kulala juu ya jabali? Jabali la Irente si liko hapa, nauli ya bodaboda tu?" Nikamwandikia kwamba huku pana mita 604. Akakaa kimya kidogo, kisha ikaingia nyingine, fupi.

"Hebu iangalie picha yako vizuri. Hata mbuzi hayupo. Shuka."