Wasifu wa mtafuta kazi si barua ya kuacha kazi

Binti mmoja ninayemfahamu tangu akiwa mwanafunzi, ambaye sasa ni afisa wa mradi katika shirika mojawapo linalohudumia wakimbizi mkoani kwetu Kigoma, aliitwa hivi karibuni na msimamizi wake akaulizwa kwa nini anataka kuondoka. Hakuwa ameandika barua yoyote, wala hakuwa amemdokezea mfanyakazi mwenzake. Alichofanya ni kuingia LinkedIn, mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi na waajiri huwatafuta humo, usiku akiwa nyumbani, kuweka alama kwamba yuko tayari kupokea nafasi mpya, na kuchagua kwamba alama hiyo waione maofisa wa kuajiri peke yao. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na hakuna aliyekuwa amemwambia kama utaongezwa. “Kaka, nilifuata maelekezo yote,” aliniambia, “na bado wakajua.” Tangu siku hiyo hapangiwi safari za Kasulu wala haitwi kwenye vikao vya kuandaa bajeti ya mwaka ujao.

Jambo hili limenikasirisha, na hasira yangu haiishii kwa msimamizi yule peke yake.

Wenye akaunti huko wanajua kwamba njia ni mbili. Ukichagua ya kwanza, picha yako inazungushiwa duara la kijani na kila mwanachama anaona kwamba unatafuta kazi. Ukichagua ya pili, duara halionekani, na habari hiyo inawafikia wale tu wanaolipia huduma ya kusaka watumishi. Kampuni yenyewe inasema kwamba huchukua hatua ili maofisa wa kuajiri wa mahali unapofanya kazi, pamoja na wa kampuni zinazohusiana na mwajiri wako, wasiione habari hiyo, na papo hapo inakiri kwamba haiwezi kuhakikisha usiri kamili. Ungamo hilo ni la kweli, lakini limeandikwa kana kwamba linahusu ajali ya nadra. Kwa mtu wa Kigoma si ajali hata kidogo, kwa sababu namna miji yetu inavyoishi inaufanya usiri huo ushindwe tangu mwanzo.

Ulinzi wa aina hiyo unamchukulia mwajiri kuwa jumba lenye kuta: ukimficha mtu kwa walio ndani ya jumba lake, amefichika. Huenda hilo linatosha Dar es Salaam, ambako afisa wa kuajiri wa benki moja anaweza kumaliza miaka bila kukutana na meneja wa benki nyingine. Hapa kwetu mashirika yanayohudumia wakimbizi hukaa pamoja kwenye vikao vya uratibu, magari yao huongozana kwenye barabara ileile, na aliyekuwa afisa utumishi wa shirika hili mwaka juzi ndiye meneja wa shirika lile leo. Jioni wote wanakutana Mwanga, mjini Kigoma, kwenye meza zilezile za migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Kwa jinsi binti yule alivyokuja kuelewa baadaye, aliyeuona wasifu wake hakuwa mtu wa shirika lake, bali wa shirika jirani, naye aliuliza tu wakati wa chakula, bila nia mbaya, kama ni kweli kwamba yule afisa wao anaondoka. Mtambo ulifanya kazi yake kama ulivyoundwa, lakini haukuundwa kwa ajili ya mahali ambapo waajiri wote wanafahamiana kwa majina ya watoto wao.

Kasoro hiyohiyo imo katika mpangilio mwingine ambao watu wengi huuamini. Unapotazama wasifu wa mtu, unaweza kuchagua kuonekana kwa jina lako kamili, au kwa sifa za jumla kama vile cheo na mahali pa kazi, au usionekane kabisa. Chaguo la kati linaonekana la busara mpaka ukumbuke ukubwa wa ofisi zetu. Mtandao ukionyesha kwamba wasifu wako umetazamwa na afisa lishe wa shirika lenye afisa lishe mmoja tu mkoa mzima, jina limekwisha kutajwa. Nawasihi vijana ninaowasaidia kuandaa wasifu wachague kutoonekana kabisa, ingawa najua gharama yake: mwenye akaunti ya bure akijificha namna hiyo, naye anapoteza nafasi ya kuwaona waliomtazama. Anayelipia ndiye anayeruhusiwa kujificha na kuona kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu huko ni kuuza faragha kwa mwenye uwezo.

Lakini hata mtambo ungekuwa mkamilifu, bado lingebaki swali la msimamizi. Ni nani aliyempa mwajiri haki ya kumhoji mtumishi kuhusu matarajio yake ya baada ya mkataba ambao mwajiri mwenyewe ndiye aliyeuwekea mwisho? Kila mtu mkoani humu anajua miradi inavyoendeshwa: fedha zinakuja kwa vipindi, mikataba inafuata vipindi hivyo, na tangu Marekani ilipopunguza misaada yake mwaka 2025 wako watu waliolala wakiwa na kazi na kuamka hawana. Mtumishi wa mkataba mfupi anayeanza kutazama mbele miezi kadhaa kabla hajamsaliti mtu. Anafikiria kodi ya nyumba Katubuka, ada za wadogo zake na mama anayemtegemea. Kumwita ofisini, kumwondoa kwenye safari na kumwacha nje ya mipango kwa sababu ya alama aliyoiweka kwenye akaunti yake binafsi, kwa simu yake na kwa bando lake, ni kumwadhibu kwa kuwa na akili ya kujitunza. Wanaofanya hivyo ni mashirika ambayo kuta za ofisi zake zimejaa mabango ya haki na utu wa binadamu. Maneno ya mabango hayo yanawahusu pia wanaokaa chini yake.

Nakubali, ingawa si kwa moyo mkunjufu, kwamba kuonekana kuna faida yake. Mtoto wa mvuvi wa Kibirizi aliyemaliza chuo bila kuwa na mjomba Dar es Salaam wala Dodoma hana mlango mwingine mpana kama huo, na ninao vijana ninaowajua waliopata kazi kwa sababu mtu wa mbali aliusoma wasifu wao akaupenda. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba asiyetaka kuonekana asijiunge. Kauli hiyo inamtaka kijana achague kati ya riziki na staha, na kwa kawaida hutolewa na mtu ambaye kazi yake ni ya kudumu. Mtu anaweza kutaka aonekane na fulani kwa jambo fulani, asionekane na mwingine kwa jambo lilelile. Hivyo ndivyo tunavyoishi mitaani, na hakuna anayetuona wanafiki kwa hilo.

Hatari nyingine zipo na ni kubwa, ingawa leo si shabaha yangu. Mwaka 2021 taarifa za wanachama wapatao milioni 700 zilizokusanywa kwenye kurasa za mtandao huo na kwingineko zilitangazwa kuuzwa, na kampuni ikajitetea kwamba haikudukuliwa, na kwamba hakuna taarifa za siri za wanachama zilizofichuliwa. Oktoba 2024 tume ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza faini ya euro milioni 310 kwa jinsi ilivyochakata taarifa za wanachama kwa ajili ya matangazo. Matapeli nao wanazisoma kurasa hizohizo, wakampigia simu binti anayetafuta kazi wakimdai fedha za usaili. Kwa hiyo namba ya simu isikae kwenye wasifu ulio wazi, na wasifu wenyewe unaweza kuzuiwa usijitokeze kwenye injini za utafutaji.

Narudi kwa waajiri, kwa sababu wao wako karibu na tunaweza kuwadai. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo bayana na halali, na zisigeuzwe kutumika kwa kusudi jingine. Afisa wa kuajiri anafunguliwa taarifa za mtafuta kazi ili aone kama anamfaa kwa nafasi aliyonayo. Anapozipeleka kwa mwajiri wa sasa wa mtu huyo, iwe kwa barua au kwa mazungumzo ya mezani, amezitoa nje ya kusudi hilo, na sioni kwa nini tuliite jambo hilo umbea wakati tuna sheria inayotupa lugha nzito zaidi.

Mashirika ya Kigoma tayari yana kanuni za maadili ambazo kila mtumishi husaini siku ya kwanza, zikimkataza kutoa taarifa za mkimbizi kwa asiyehusika. Sentensi moja ya nyongeza ingetosha kumlinda mtafuta kazi kwa namna hiyohiyo, na vikao vya uratibu ambavyo huwakutanisha mameneja wote ndipo mahali pa kukubaliana kuihusu. Wasisubiri makao makuu yawaandikie. Na kabla ya yote hayo, msimamizi wa binti yule amrudishe kwenye safari za Kasulu, kisha amweleze kwa maandishi kama mkataba wake utaongezwa au hautaongezwa.