Mdai Hamwachi Mdaiwa Wake Afe

Wengi wetu tulilisikia jina la Gordon darasani, kwenye habari za Mahdi wa Sudan na kuanguka kwa Khartoum mwaka 1885. Kwao Uingereza walimwita "Gordon wa China", na mwalimu wangu hakutueleza kwa nini. Nimekuja kuisoma habari hiyo ukubwani, na imeniuma.

Habari yenyewe inaanza na Hong Xiuquan, Mchina wa jamii ya Wahakka, wa jimbo la Guangdong kusini mwa China. Alifeli mara kadhaa mitihani ya kuingia utumishi wa dola. Akaugua, akaona maono, akasoma vijitabu vya Kikristo, akaamini kuwa yeye ni mdogo wake Yesu. Mwaka 1851 wafuasi wake, Taiping, waliinuka dhidi ya nasaba ya Qing iliyoitawala China, na 1853 wakaiteka Nanjing na kuifanya mji mkuu. Walipiga marufuku kasumba na desturi ya kuwafunga wanawake miguu tangu utotoni ili isikue. (Siku hizi kasumba kwetu ni mawazo mabovu yaliyoganda kichwani, hapa nasema ile yenyewe, ya kuvutwa kwa kiko.) Sisemi walikuwa malaika. Nanjing waliwachinja Wamanchu, kabila la watawala wa Qing, hata wanawake na watoto. Vita hivyo vya miaka 14 vinakadiriwa kuua watu milioni 20 au zaidi.

Uingereza na Ufaransa zilisema hazina upande. Sasa tazama Agosti 1860. Kaskazini majeshi yao yanapigana na Qing, yanateka ngome za Dagu, na Oktoba Waingereza watalichoma kasri la Yuanmingyuan nje ya Beijing. Mwezi uleule wa Agosti, huko Shanghai, askari wa mataifa hayohayo wako juu ya kuta wakiwamiminia risasi na mizinga Taiping, maadui wa Qing hiyohiyo! Jemadari wa Taiping, Li Xiucheng, alikuwa amekwisha waandikia mabalozi kwamba wageni hawataguswa.

Kwangu mimi jibu liko forodhani. Mikataba ya 1860, iliyomaliza vita vile vya kaskazini, iliibana Qing iwalipe Waingereza tael milioni 8 za fedha (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito wa fedha), na Wafaransa milioni 8 nyingine, zikatwe kwenye ushuru wa bandari. Forodha ya Shanghai ilikuwa chini ya wakaguzi wa kigeni tangu 1854. Biashara ya kasumba nayo ilikuwa imeshahalalishwa. (Siku hizi kasumba kwetu ni mawazo mabovu yaliyoganda kichwani, hapa nasema ile yenyewe, ya kuvutwa kwa kiko.) Taiping wangeshinda, deni angelipa nani? Ndiyo maana mdai alimpiga mdaiwa mpaka akatia saini, kisha akamshika mkono asianguke.

Mamluki walitangulia. Frederick Townsend Ward, baharia wa Salem, Massachusetts, alilipwa na matajiri wa Shanghai akaunda kikosi, mwanzoni kikiwa na Wafilipino wengi. Baadaye askari wakawa Wachina chini ya maofisa Wazungu, na 1862 dola ikakiita Jeshi la Ushindi Daima. Ward aliuawa mwaka huohuo karibu na Ningbo. Machi 1863 jeshi likakabidhiwa Charles Gordon, ofisa mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliyekwenda vitani na kifimbo cha henzirani mkononi.

Desemba 1863 Gordon na majeshi ya Qing walikuwa wameuzingira mji wa Suzhou, uliokuwa mikononi mwa Taiping. Ndani, wakuu wa Taiping waligawanyika. Tan Shaoguang alikataa kusalimu amri. Wenzake wakamuua na kufungua malango, kwa kuwa Gordon alikuwa amewapa ahadi kwamba hawatauawa. Wakatoka kwenda kuonana na Li Hongzhang, gavana wa Qing. Li akaamuru wakatwe vichwa. Gordon alipandwa na hasira, akaikataa zawadi ya mfalme ya tael 10,000.

Wanaomsifu hupenda kuishia hapo, msomaji abaki na picha ya mtu mwadilifu. Mimi naomba tusogee hadi Februari 1864. Gordon alirudi vitani, bega kwa bega na Li yuleyule, na Mei wakauteka Changzhou. Hasira yake ilikuwa ya kweli, naamini, lakini haikumrudishia hata mmoja wa wale wakuu uhai wake.

Wala si kweli kwamba yeye ndiye aliyeiokoa Qing. Nanjing ilianguka Julai 1864 mikononi mwa jeshi la Hunan la Zeng Guofan, jemadari wa Qing, lililochimba handaki chini ya ukuta na kulijaza baruti. Wageni waliwanyima Taiping Shanghai, pamoja na ushuru wake na silaha zilizopitia pale. Hilo peke yake lilikuwa zito vya kutosha.

Huku kwetu pia kivuli cha Gordon kilifika. Mwaka 1875, akiwa mtumishi wa Khedive, mtawala wa Misri, huko Equatoria, kusini mwa Sudan ya wakati huo, alipendekeza ifunguliwe njia ya kutokea Bahari ya Hindi, na meli za Misri zikatia nanga Kismayu, bandari ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash alilalamika kwa Waingereza, na Wamisri wakaondolewa.

Anayenihuzunisha zaidi ni Hong Rengan, binamu yake Hong Xiuquan. Aliishi Hong Kong na wamisionari, akafanya kazi nao. Mwaka 1859 alifika Nanjing na mipango ya reli, benki, posta na magazeti, akiamini kuwa Waingereza ni watu wa kuelewana nao, maana Mungu wao ni mmoja. Qing walimuua Nanchang, Novemba 1864.