Salamu Ikirefuka, Bomba Limepasuka

Mimi ni mwenye nyumba. Ukilisema hilo mbele za watu wanakutazama kama mtu aliyekwisha kuukata. Hawajui kwamba nyumba yenyewe iko mbali kiasi kwamba kwangu kukipambazuka, kule mpangaji anavuta shuka alale. Mara ya mwisho kuushika mlango wake, funguo zilikuwa bado zinang'aa.

Wakala aliponitajia fungu lake katika kodi ya kila mwezi, nilimcheka. "Nimlipe mtu apokee simu? Simu si ninayo!" Maneno yangu mwenyewe hayo. Wakala naye alicheka, na kicheko chake nimekuja kukielewa baadaye sana.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kupima salamu. Mpangaji akiandika "Mzee, vipi," kitasa kinakwama, tulia. Akianza na "Shikamoo, habari za huko," kuna jambo la umeme. Salamu ikifika kwa watoto, mmoja mmoja kwa majina, hapo paa linavuja.

Usiku mmoja, saa nane, salamu ilipita watoto ikaulizia na mgongo wa mama. Nikaketi kitandani kabisa. Bili ya maji ilikuwa imepanda mara tatu, na mpangaji anasema anaoga kama alivyokuwa akioga siku zote. Nikamwomba picha. Ya kwanza ilikuwa giza tupu, na katikati ya giza kidole. Ya pili ilikuwa ukuta. Ya tatu ilitoka safi sana, ila ni ya paka.

Nikampigia kwa video. "Funga mabomba yote, usiguse maji, nenda kwenye mita." Akaenda na simu mkononi, nikaona ngazi, kandambili, kisha tundu la pua. "Hako kagurudumu kadogo kanazunguka?"

"Kanazunguka mzee, tena kwa raha zake."

Basi maji yanatoka mahali. Nikamwambia atie rangi kwenye tanki la choo, asivute maji, angoje nusu saa. Akachukua rangi za mwanawe za shule. Nusu saa baadaye maji ya bakuli yalikuwa ya buluu kama bahari ya kwenye kalenda. Raba ya chini ya tanki ilikuwa imechoka, inaachia maji kidogo kidogo usiku na mchana, kimya kimya, nami nikilala usingizi wa mwenye mali. "Funga koki ya tanki," nikasema. Akauliza koki ni nini. Siwezi kumlaumu, kwani siku ya kumkabidhi nyumba nilimwonyesha mandhari ya dirishani.

Akatafutwa fundi. Fundi alikuwa njiani. Alikuwa njiani asubuhi, akawa njiani mchana, na hata jioni njia ilikuwa bado inaendelea. Alipofika alisema mfumo mzima umekufa, tubadilishe vyote. Nikasema, "Fundi, ni raba." Akanijibu, "Bosi, wewe uko mbali, mimi ndiye ninayeona." Mtu akikuambia hivyo, na kweli uko mbali, unabaki kutazama dari lako mwenyewe.

Tukavutana hadi akakubali raba. Kesho yake nikapokea picha: choo kinameremeta, vigae vya kijani. Moyo ukanipiga. Choo changu si kina vigae vyeupe? Nikazitafuta picha nilizopiga siku ya makabidhiano, zile za ushahidi. Zilikuwa 12. Nane za pazia, kwa sababu nililipenda. Mbili za mandhari, moja ya funguo, na moja nimejipiga mimi mwenyewe mlangoni natabasamu. Choo hakimo.

Nikamuuliza mpangaji vigae vya choo chake ni rangi gani. Akasema, "Ngoja nikaangalie." Ameishi humo miaka miwili!

Vilikuwa vyeupe. Nikamrudia fundi. Kwanza akasema ni mwanga wa kamera. Nilipomkazia akasema ile picha alinitumia tu nione ubora wa kazi zake, za kwangu anaanza sasa hivi. Na kweli alianza. Dakika 10 akawa amemaliza, na mpangaji akanitumia raba ya zamani ikiwa kiganjani mwake, imejikunja kama sikio la mzee. Nimeihifadhi. Wenzangu kazini wakitoa picha za wajukuu, mimi natoa raba.

Na mpangaji mwenyewe ni mtu mwema, nisimsingizie. Kodi haichelewi. Mtoto wake alipokosa rangi za shule nilimnunulia boksi jipya, nikamwambia aache nyingine akiba pale juu ya tanki.

Mwezi huu umepita kimya, nikaanza hata kujisifu kwa mke wangu kwamba nyumba ni kujua kuisimamia. Leo alfajiri simu ikatetemeka. "Shikamoo mzee. Habari za huko? Mama hajambo, na mgongo? Watoto wote wazima? Kazi zinakwendaje? Majirani wa huko nao? Hali ya hewa?"

Nikajibu marahaba, wote wazima. Chini kabisa pakaonyesha bado anaandika.