Mteja Asiyefunga Mlango

Jumatatu hiyo niliitwa katika kiwanda kimoja cha sabuni kilichoko Eneo la Viwanda, Nairobi, kwa sababu skrini ya mashine ya kukata vipande ilikuwa ikipoteza mawasiliano na kidhibiti chake, kile kikompyuta kinachoiongoza mashine, kila mara na kuandika kwamba muda wa kuunganishwa umekwisha. Kasoro niliipata kabla ya dakika kumi: kile kijilimi cha plastiki kinachoshikilia plagi ya waya wa mtandao kilikuwa kimevunjika, hivyo kila mashine ilipotetemeka, plagi ilirudi nyuma kidogo. Nilikata ncha ile, nikabana nyingine, mambo yakatulia. Lau ningeondoka wakati huo, ningeondoka shujaa.

Jioni, zamu ilipokwisha, bidii ikanizidi. Niliacha kompyuta yangu ya zamani chini ya meza, imechomekwa kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, ikiendesha kijiprogramu nilichokiandika mwenyewe, ambacho kila dakika kilikibishia hodi kidhibiti kupitia mlango namba 502, ule wa Modbus, ili kukijulia hali. Modbus ni itifaki, yaani lugha ya mawasiliano ya mashine za viwandani, ya mwaka 1979. Imenizidi umri, nami huiheshimu kama mjomba.

Asubuhi yake simu ililia kabla sijamaliza chai. Nilipofika, baada ya kukaa karibu saa nzima ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, nilikipingi kidhibiti, yaani nilikiita mtandaoni kujua kama kipo, nacho kikajibu chini ya milisekunde moja bila kupoteza pakiti hata moja, ilhali skrini ilipoomba kuunganishwa iliachwa mlangoni hadi muda ukaisha. Ni kama mwenyeji anayeitikia "karibu" kutoka ndani huku ametia komeo. Tulikizima na kukiwasha; skrini ikafufuka, ikafanya kazi kidogo, ikafa tena.

Siku hiyo nilibadilisha nyaya. Jumatano nikabadilisha swichi. Alhamisi nilizisingizia drivu za mota, vile vifaa vya kuongoza mwendo wa mota, ambavyo kweli hutoa kelele za umeme, nikapanda ngazi kuuhamisha waya wa mtandao mbali na nyaya za drivu hizo, huku nikimhutubia msimamizi aliyesimama chini kuhusu mawimbi, naye akiitikia kwa kichwa kwa heshima ambayo nikiikumbuka leo naona haya.

"Injinia," akasema mama anayeendesha mashine ile, "mkishakiwasha, kitu hiki hakipitishi dakika nane. Nimekipima kwa saa ya ukutani tangu jana."

Nane! Kitabu cha kidhibiti kile kidogo kilisema wazi kwamba hupokea miunganisho minane tu kwa wakati mmoja. Nikateremka ngazi na kuuliza, kwa sauti ya mpelelezi, ni nani katika kiwanda hiki anayefungua muunganisho kila dakika asiufunge.

Mama akainama. "Na hii kompyuta inayopepesa taa chini ya meza ni ya nani?"

Kijiprogramu changu kilikuwa kikibisha, kikiingia, kikiuliza, kisha kikisahau kuaga, kwa kuwa mstari mmoja wa kufunga sikuuandika. Skrini, yenye adabu ya kutoka kila imalizapo kusoma, ilirudi na kukuta viti vyote nimevikalia mimi. Nilichomoa waya wa kompyuta yangu kwa haraka, na hakuna kilichobadilika, kwa maana kidhibiti hakikuwa na habari kwamba wageni wake wameondoka. Kiliendelea kuwawekea nafasi mpaka tulipokizima na kukiwasha kwa mara ya mwisho.

Kwenye ripoti niliandika, kwa lugha yetu mafundi ambayo "mteja" ni programu yoyote inayoomba kuunganishwa: "Chanzo ni mteja mmoja wa mtandao aliyekuwa akifungua miunganisho bila kuifunga." Msimamizi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza mteja huyo ni wa kampuni gani ili aandikiwe barua kali.

Mimi nikawa natafuta koleo yangu, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

"Anakaa Umoja, mkubwa," mama akajibu bila kuinua macho kwenye sabuni zake. "Huja na matatu."