Tundu kwenye Pafu Si Kifua Kikuu Kila Mara
Kijana ana homa, anatoka jasho usiku, eksirei inaonyesha matundu mapafuni. Hapa Uganda ataanzishiwa dawa za kifua kikuu, hata GeneXpert, kipimo cha makohozi cha kutafuta kifua kikuu, ikisema hapana. Wanaofanya hivyo wana hoja: nchi ilikuwemo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, kipimo hicho huwakosa baadhi ya wagonjwa, na kituo cha afya cha daraja la nne hakina CT, mashine ya picha za kina za ndani ya mwili.

Upande wa pili husema: mvue nguo umkague kwanza, huenda kuna usaha mahali. Wenzao huwaona kama wanaoleta mambo ya vitabuni, kumbe wanazungumzia ugonjwa unaoshikika kwa mkono. Vipande vya damu iliyoganda, vyenye bakteria, hubebwa na vena mpaka mapafuni, huko vikatoboa. Vyatoka wapi? Jipu lililojificha ndani ya msuli wa paja, jambo la kawaida kwenye nchi za joto. Mfupa wenye usaha. Katheta, yaani mrija, ya kusafishia damu ya mgonjwa wa figo. Nyonga ya mama aliyetoka kujifungua. Vali ya kulia ya moyo. Mara chache, koo. Kwenye picha huonekana vivimbe vingi pembezoni, pande zote mbili, vikibadilika ndani ya siku chache. Kifua kikuu hupenda juu na huenda polepole.

Kinachoninyima usingizi ni rifampisini. Katika dawa nne za kifua kikuu, hiyo ndiyo inayompiga stafilokoka, bakteria aliye chanzo kikuu cha usaha huu. Zile tatu hazimwambii kitu. Basi homa inaweza kutulia kidogo, familia ikashukuru, daktari akajiona amepatia. Lakini stafilokoka akipigwa na rifampisini peke yake hujenga usugu upesi, na jipu bado liko pajani. Homa ikirudi, mgonjwa ndiye anaulizwa kama kweli anameza vidonge.

Chupa za kuoteshea damu ili bakteria waonekane ni adimu, nakubali. Zilipo, damu ichukuliwe sehemu mbili tofauti kabla ya antibiotiki. Ni kazi ya dakika chache, na aliyezidiwa hacheleweshwi dawa kwa ajili yake. Zisipokuwepo, vidole vya kubonyeza mapaja vipo, na altrasaundi ya wajawazito huona usaha wa msuli vilevile. Makohozi yaende GeneXpert siku hiyohiyo, hakuna aliyeyazuia.