Swali la 7

Dodoso lenyewe halikuwa na kosa. Msimamizi alilipitisha, kamati ya maadili ikalibariki. Kilichoniponza ni mdomo.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu Kifaransa, wingilugha na utambulisho. Siku hiyo nilikuwa namhoji kwa video mzee mmoja wa Quebec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa. Tukaanza na Sheria ya 101 ya mwaka 1977, ile iliyowapeleka watoto wa wahamiaji kwenye shule za Kifaransa. Mzee anatiririka, mimi naitikia "oui, oui", kichwa kinavimba taratibu.

Swali la 7: watoto wako unawaongelesha lugha gani? Kwenye karatasi niliandika "enfants", neno lisilo na ugomvi na mtu. Nikaliona la kitabuni mno. Nikaweka "gosses", nililoliokota kwa Wafaransa, ambao huwaita hivyo watoto wao mchana kweupe. Na kwa kuwa nina adabu, nikamwita mzee "vous", wingi wa heshima.

Kwa watu wa Quebec, "gosses" ni korodani.

Mzee kimya. Nikajua swali limemgusa moyo; si tulifundishwa kwamba ukimya nao ni data, usiukatize? Nikausubiri. Kisha, kwa sauti ya upole, la 8: "Na huwa wanakujibu kwa lugha hiyohiyo?" Akaziba mdomo kwa kiganja. La 9: "Nani mwingine hapo nyumbani huongea nao?"

Kiswahili kingeniumbua mapema: ukisikia "wanajibu" ni watoto, ukisikia "zinajibu" unauliza kulikoni. Kifaransa hakina huruma hiyo.

Miwani ya mzee ikadondoka mezani. Nyuma yake, mahali ambapo kamera haifiki, sauti ya mama mtu mzima ikapasuka: "Mwambie ni mimi!"

Walicheka mpaka nikadhani intaneti imekwama, maana mzee alibaki mdomo wazi bila sauti kutoka. Alipopata pumzi akajifuta machozi, akanieleza maana ya neno, halafu akakaza uso kama shahidi mahakamani: "Andika Kifaransa. Kiingereza hazikielewi."

Sasa, mahojiano hunukuliwa neno kwa neno, hata pumzi. Nikanukuu yote: kimya, sekunde 11, kicheko, kicheko cha mtu wa pili, kicheko kirefu. Nikampelekea msimamizi.

Pembeni mwa swali la 9 ameandika neno moja: "Fafanua."